Ndege ya gereji: uiuze ilipofikia au uimalize?

Kwetu Kenya hakuna anayeshangaa nyumba isiyoisha. Msingi mwaka huu, ukuta mwakani, mabati Mungu akijalia. Anayeuza ikiwa kwenye lenta ndiye anayeulizwa kapatwa na nini. Huku Marekani ndege ambazo watu hujijengea wenyewe gerejini huuzwa nusu bila aibu: mkia umeisha, mabawa yako kwenye stendi, injini haijanunuliwa. Nionavyo, sisi tuliolelewa na kujenga polepole huchelewa mno kuuza, kwa kuwa tunaihesabu ndege kama nyumba. Ukuta wa mawe unaweza kungoja, injini haiwezi. Injini ya ndege kama Lycoming O-320 ikilala bila kuendeshwa, oili huchuruzika kutoka kwenye kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, ambayo katika injini hii iko juu, unyevu ukaingia na kutu ikaanza. Skrini za rubani nazo hupitwa na wakati zikiwa ndani ya boksi.

Kwa hiyo amua kabla ya kununua injini. Hadi hapo ulichonacho ni alumini na saa zako za kazi, na saa hazilipwi. Mnunuzi hulipia vipuri, tena kwa kupunguziwa, na kazi mbaya huikata kwenye bei. Atakuja na kipimo: ribiti (msumari wa kugonga unaounganisha mabati) ya inchi 1/8 iliyogongwa sawasawa ina kichwa cha nyuma chenye upana wa inchi 3/16 na kimo cha 1/16. Iliyolala upande hutolewa kwa drili, na drili ikiyumba tundu linapanuka, unalazimika kuweka ribiti nene zaidi. Lakini kitovu cha tundu kinatakiwa kiwe mbali na ukingo wa bati angalau mara mbili ya unene wa ribiti. Ukikosea karibu na ukingo, ubavu mzima, yaani kile kipande cha ndani kinacholipa bawa umbo, unatupwa.

Tangi la mafuta ndilo hutia watu hofu. Kulipima kama linavuja, ziba matundu yote, funga puto kwenye bomba la kupumulia, tia hewa kidogo tu, kisha paka maji ya sabuni kila mstari wa ribiti. Puto likinywea usiku usikate tamaa, baridi peke yake hulinywesha. Povu ndilo shahidi.

Halafu daftari la kazi. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inataka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na wajenzi wasiolipwa, kwa kujifunza au kujifurahisha, na kazi ya mjenzi aliyetangulia inahesabiwa mradi ipo kwenye kumbukumbu. Mradi usio na picha wala tarehe ni rundo la vipuri tu, hata ukiwa umejengwa vizuri namna gani.

Sababu ya kweli ya kubadili mradi ni moja: ndege hailingani na mahali utakaporukia. Anayefikiria kurudi Kenya apige hesabu ya uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo nguvu za farasi 160 hubaki kama 130 kabla hata jua la mchana halijapunguza zaidi. Mwingine atataka injini ya Rotax 912, inayokubali petroli ya magari.

Kuchoka si sababu. Mradi mpya utakuletea fibaglasi ileile ya kusugua na kioo kilekile cha akriliki, kinachopasuka ukikitoboa gereji ikiwa baridi. Ngoja joto lifike nyuzi 25 au zaidi.

Na kama ndege ni ya kwenda nyumbani, mabawa na matangi yamalize hapa. Ubavu ulioharibika hapa hufika mlangoni kwa siku chache. Kule utangoja mzigo, ushuru na wakala wa forodha, huku bawa limefunguka juu ya meza, na wa kumuuzia mradi nusu ni vigumu kumpata.