Usiniombe Namba za Gia

Haipiti wiki bila mtu kuniomba namba. "Kaka, nirushie gia za gari lako la levo 8." Namrushia, anaziingiza kama zilivyo, anapigwa, kisha anarudi kunilaumu mimi. Sasa nimegoma.

Nazungumzia Drag Racing, gemu la simu la mbio fupi za magari kwenye njia iliyonyooka, la Creative Mobile wa Tallinn, Estonia, lililotoka 2011. Bado nalicheza kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na sioni aibu. Mle ndani unaruhusiwa kugusa uwiano wa kila gia (namba kubwa huvuta kwa nguvu, ndogo hukimbia zaidi), moja baada ya nyingine, pamoja na difu, yaani uwiano wa mwisho unaozidishwa kwenye gia zote. CSR Racing 2 (CSR2), gemu jingine la aina hiyo la 2016, ina magari ya kupendeza zaidi, lakini ukija kwenye giaboksi wamekuachia difu tu ya kusogeza mbele na nyuma. Wengi wanaona ni nafuu. Mimi naona tumenyimwa utamu wenyewe.

Nami niliwahi kuwa mwombaji. Jamaa alinipa namba zake, difu 4.1, nikaingia nazo robo maili. Gari liliondoka kama limepigwa teke. Gia ya tatu, ya nne, nimeshamwacha mpinzani urefu wa magari mawili. Kufika gia ya mwisho, mshale wa mizunguko ya injini ukagonga ukutani. Injini inalia, mwendo hauongezeki, mstari wa kumalizia nauona pale mbele, na yule niliyemwacha ananipita taratibu kama daladala inayopita kituo kisicho na abiria. Gari la jamaa lilikuwa na injini ya kawaida. Langu lilikuwa na tabo (turbo) kubwa, likaimaliza gia ya mwisho kabla mita 402 hazijaisha.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua tairi lenye mzingo wa mita 2, gia ya mwisho yenye uwiano wa 1.0, difu 4.0, na injini inayoishia mizunguko 7,000 kwa dakika. Gawa 7,000 kwa 4, tairi linazunguka mara 1,750. Hizo ni mita 3,500 kwa dakika, sawa na kilomita 210 kwa saa. Basi, hapo ndipo mwisho wako, kanyaga utakavyo. Ukishusha difu hadi 3.5, mwisho unasogea hadi 240, lakini unalipia: kila gia, kuanzia ya kwanza, inavuta kwa unyonge kuliko mwanzo.

Ndiyo maana mimi naanza na difu kabla ya kitu kingine chochote. Naipandisha na kuishusha mpaka gari likate mstari mshale ukiwa umekaribia kabisa mwisho wa gia ya mwisho. Baada ya hapo ndipo naitazama gia ya kwanza: tairi zikizunguka bure pale pa kuondokea, namba yake ni kubwa mno, naipunguza. Gia za kati nazipanga zikaribiane zaidi kadiri zinavyopanda, kwa sababu kule juu upepo unakuzuia na injini ikiangukia mizunguko ya chini inachelewa kuamka.

Halafu kuna ile taa ya kijani inayokuonyesha wakati wa kubadili gia. Hapa najua nitagombana na watu. Kwenye CSR2 ukibadili gia ndani ya kijani unapongezwa, na pongezi ni tamu, lakini wakongwe wa gemu lile wanajua kuwa magari mengi hutoa muda wao bora yakibadilishwa nje ya kijani. Mengine unaiwahi gia ya pili mara tu baada ya kuondoka ili tairi zishike, mengine unayavuta mpaka kwenye nyekundu.

Swali la kujiuliza ni moja: gia ipi inasukuma tairi kwa nguvu zaidi sasa hivi? Tuseme uko gia ya pili, uwiano 2.0, mizunguko 7,000, na injini inatoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa niutoni-mita 400. Zidisha, unapata 800. Ukiingiza gia ya tatu yenye uwiano wa 1.5, mizunguko inashuka hadi 5,250, na tuseme hapo injini inatoa 500. Zidisha, 750. Umejipunguzia mwenyewe! Baki kwenye ya pili. Ikifika 7,400 msokoto umeanguka hadi 350, kwa hiyo ya pili inatoa 700. Ya tatu ingekupokea kwenye 5,550 na msokoto wa 490, inatoa 735. Umechelewa kidogo. Mahali penyewe ni katikati, karibu na 7,200, japokuwa kilele cha nguvu za injini kilishapita. Ukigusa uwiano wa gia ya tatu tu, 7,200 hiyo inahama. Sasa namba zangu zitakusaidia nini wewe mwenye injini nyingine?

Na msidhani gia nyingi ndiyo kasi. Huko Marekani, magari ya Top Fuel, daraja la juu la mbio hizi kwa magari ya kweli, ambayo tangu 2008 hukimbia futi 1,000 badala ya robo maili, hayabadili gia hata moja njia nzima. Yana difu ya 3.20 iliyowekwa na sheria za NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo, na klachi inayoachiwa kushika kwa hatua. Ndiyo magari yenye kasi kuliko yote pale.

Yule wa levo 8 nilimjibu juzi: niambie kwanza gari lako linakata mstari likiwa mizunguko mingapi, gia ya ngapi. Tiki za bluu naziona. Jibu bado.