Mkono Mmoja, Bei Mbili

Columbus, Georgia, na Phenix City, Alabama, zimetenganishwa na mto Chattahoochee tu. Daraja unalivuka kwa miguu. Tuseme kila upande kuna fundi wa kiwandani anayelipwa dola 900 kwa wiki, na wote wawili mashine imewakata mkono mzima.

Kwenye fidia ya kuumia kazini, inayotoka kwenye bima anayokata mwajiri, Georgia humhesabia aliyepoteza mkono wiki 225 za malipo kwa theluthi mbili ya mshahara, mradi isizidi dola 800 kwa wiki. Huyu atapata 600 kila wiki, jumla 135,000. Alabama nayo ina wiki zake 222, karibu sawa. Ila fidia ya kiungo imewekewa ukomo wa dola 220 kwa wiki tangu miaka ya 1980, bei za mikate zipande zisipande. Jumla yake: 48,840.

Sasa, kila baada ya miaka miwili jimbo la Oregon hutoa orodha ya gharama za bima ya fidia katika majimbo yote ya Marekani. Ni kazi ya maana, kwani majimbo yote hupimwa kwa mchanganyiko uleule wa kazi, jimbo la visima vya mafuta lisionekane ghali kwa sababu ya hatari zake tu. Mwaka 2018 New York iliongoza kwa dola 3.08 kwa kila dola 100 za mishahara. North Dakota ilishika mkia kwa senti 82.

Ninachokataa ni kuisoma kana kwamba rahisi ndiyo bora. Orodha inampima anayelipia bima, si aliyeumia. Bima hushuka ajali zikipungua. Yaweza pia kushuka kwa kumpunja mwenye jeraha, na tarakimu haikwambii ni lipi.

Alabama nisiionee: huko malipo ya mshahara huanza kuhesabiwa baada ya siku 3 za kukaa nyumbani, Georgia baada ya 7. Kwa anayeishi kwa hundi ya kila wiki, siku nne si mchezo. Texas ndiyo imezidi. Mwajiri binafsi akiamua, hakati bima hiyo kabisa.

Na yule wa Phenix City, zikiisha zile 48,840 naye hawezi tena kazi yoyote, ataomba malipo ya ulemavu ya serikali kuu. Hayo hutoka kwenye makato ya mishahara ya nchi nzima, ya Columbus yakiwemo.