Memori ya mashine pepe: hosti iruhusiwe kuiona au ifungiwe nje?

Ukiwasha mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine) kwenye Linux kwa KVM, yaani sehemu ya kerneli inayoendesha mashine hizo, memori yote ya ile mashine pepe, tuiite mgeni, ni memori ya kawaida tu ya programu moja pale kwenye hosti, yaani kompyuta halisi inayoibeba. Mara nyingi programu hiyo ni QEMU, inayomwendesha mgeni. Tuseme QEMU inaomba gigabaiti 8, halafu inaiambia kerneli (kiini cha Linux) kwamba anwani za mgeni zinaanzia hapa, ukubwa wake huu, na kwangu mimi zipo kuanzia anwani hii. Basi. Mgeni akigusa ukurasa (kipande kidogo cha memori) ambao haujapangwa bado, prosesa inamsimamisha, kerneli inatafuta ukurasa halisi, inauandika kwenye jedwali la pili la kutafsiri anwani, lile la hosti linalofuata baada ya la mgeni mwenyewe (Intel wanaliita EPT), na mgeni anaendelea na kazi zake bila kujua kama kuna kitu kimetokea.

Huu mpangilio mi naukubali sana, maana kila kitu ambacho kerneli inajua kuifanyia programu ya kawaida, mgeni anakipata bure: swapu (kuweka kurasa diski kwa muda), kuhamisha kurasa, kurasa kubwa za megabaiti 2. Hosti ikitaka kuutoa ukurasa kuupeleka diski, toka Linux 2.6.27 kuna njia ya kuitaarifu KVM iufute kwanza kwenye jedwali lake. Na toka 2.6.32 kuna KSM, inayopita kwenye memori ikitafuta kurasa zinazofanana na kuziunganisha ziwe moja (mmoja akija kuandika, kerneli inamtenganishia nakala yake), kwa hiyo wageni wengi wenye mfumo uleule wanakula memori kidogo zaidi.

Sasa hapohapo ndo pana tatizo. Mwaka 2016 watafiti walionyesha shambulio la Flip Feng Shui, na ukilifuatilia hatua kwa hatua linatisha kweli. Mshambuliaji ana mashine yake kwenye hosti ileile, anaandika ukurasa wenye maudhui sawasawa na ukurasa wa mashine ya jirani wenye ufunguo wa umma wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali (ni wa umma, kwa hiyo anaujua), KSM inaziunganisha kurasa hizo kwenye kipande cha memori ambacho mshambuliaji anajua ni dhaifu, halafu anazisoma harakaharaka safu za memori zilizo pembeni ya kipande hicho mpaka biti moja ndani yake inageuka yenyewe. Kerneli haikuona mtu akiandika, kwa hiyo haikutenganisha nakala, na ufunguo uliogeuzwa unavunjika kirahisi. Jamaa anaingia.

Na hata bila KSM, QEMU yenye bagi moja mbaya inaweza kusoma kila kitu cha mgeni wake, maana memori yote iko mbele yake.

Jibu la upande wa pili, wa kuifungia hosti nje, ni guest_memfd, iliyoingia Linux 6.8 mwaka 2024. Memori ya siri ya mgeni inakaa kwenye faili ambalo QEMU inalishika lakini haiwezi kulifungua kwenye anwani zake. Kwa mashine za Intel TDX (teknolojia ya prosesa ya kuficha memori ya mgeni hata kwa hosti) hii sio anasa, kwa sababu hosti ikiandika kimakosa kwenye memori ya siri inaweza kusababisha hitilafu ya kuangusha mashine nzima, yaani wageni wote wanakwenda na maji.

Ila gharama yake ipo na watu wanaipita haraka mno. Ilipoingia haikuwa na swapu, kurasa hazihamishiki, na kurasa kubwa hazikuwepo. Hilo la mwisho ndo linauma zaidi: kwa kurasa za kilobaiti 4, prosesa ikikosa tafsiri ya anwani kwenye kashe yake inaweza kusoma memori hadi mara 24 kuitafuta, kwa sababu majedwali ni mawili na kila hatua ya mgeni inabidi itafsiriwe tena na la hosti, wakati kwa kurasa za megabaiti 2 pande zote mbili zinashuka mpaka 15. Databesi kubwa inalisikia hilo. Ajabu ni kwamba KVM ya mwanzo kabisa mwaka 2007 kerneli ndo ilikuwa inamtengea mgeni memori isiyokwenda swapu, wakahama huko kwa sababu nzuri tu.

Kwa maoni yangu anayewakodishia mashine watu asiowajua hana budi kuifungia hosti nje, na KSM baina ya wateja aizime leo. Mwenye seva zake mwenyewe anazoendesha peke yake, abaki na mpangilio wa zamani, asikubali kupoteza swapu na kurasa kubwa kumkinga mtu ambaye ni yeye mwenyewe. Na wanaotengeneza guest_memfd waanze na kurasa kubwa kabla ya kingine chochote, maana bila hizo watu watachagua spidi na kuacha milango wazi.