Nilivyopungwa kwa Sababu ya Sinema

Kosa lilikuwa la kidole gumba. Rafiki yangu mmoja, mgonjwa wa sinema kama mimi, aliniuliza usiku: yule mzee wa The Matrix Reloaded ya 2003, mwenye ndevu nyeupe na suti, aliyezungukwa na televisheni ukuta mzima, mbona anazungumza kama dunia kaitengeneza yeye? Mie swali kama hilo nalisubiri miaka. Nikajilaza chali, nikabonyeza kurekodi WhatsApp, nikatiririka dakika sita.

"Huyo ni Yaldabaoth! Uso wa simba, mwili wa nyoka, macho yanawaka kama radi. Anasema, 'Mimi ndiye Mungu, hakuna mwengine.' Ana askari wake, wanamwingia mtu yeyote wamtakaye. Watu wote wamelala, yakhe. Mimi nshaamka."

Nikatuma, nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi nikakuta simu 27 zimepigwa. Sauti ilikwenda kwenye grupu la ukoo, watu 43, kutoka Wete mpaka Maskati. Mama mdogo analia. Binamu kaandika, "Haya maneno ya Firauni haya!" Shangazi wa Wete peke yake hakuandika kitu, na shangazi yangu akinyamaza ujue yumo njiani.

Kesho yake alasiri, hodi. Kapanda ngazi za Michenzani mpaka ghorofa ya nne na magoti yake yale mabovu, pakacha mkononi. Nyuma yake mzee wa kanzu, mwalimu wa chuo cha Kurani, na kijana kabebeshwa kuku. Kuku wa nini sikujua, na sikuthubutu kuuliza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba ni ya mwanangu. Weye uliyemo ndani, jina lako nani?"

"Shangazi, ni mambo ya sinema tu."

"Wote husema hivyo," akasema mwalimu.

Nikaona bora niwaeleze kisomi. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Nikasema palikuwa na watu zamani, Wagnostiki, waliodai kuwa dunia hii haikuumbwa na Mungu wa kweli, bali na kiumbe duni, mjinga, aliyejidhania ndiye; huyo ndiye Yaldabaoth. Wapo wasemao waliomtengeneza yule mzee wa suti wameazima humo. Nikaona nyuso zimekunjana, nikaongeza mbio: wala si maneno yangu, yamo katika vitabu vilivyofukuliwa Misri mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi. Mkulima alikuwa akichimba udongo wa mbolea, akakuta mtungi umezibwa. Wanasimulia aliogopa kuuvunja, akihofia mna jini.

Shangazi akamgeukia mwalimu. "Mtungi."

"Mtungi," akaitikia mwalimu.

"Na akauvunja?"

"Akauvunja, shangazi. Mlikuwa na vitabu 13 vyenye majalada ya ngozi. Wanasema mama yake alichochea moto wa tanuri kwa baadhi ya karatasi."

"Mama wa watu alikuwa na akili."

Maneno yakaisha. Chetezo kikawashwa, nikafunikwa shuka gubigubi, udi na ubani ukanipanda puani nikakohoa mpaka machozi. "Anatoka!" akapiga ukelele yule kijana, na kuku naye akaitika. Nilipofunuliwa, mwalimu alikuwa ameinamia sahani nyeupe na zafarani yake, anaandika polepole kutoka ukingoni kuingia katikati, herufi nyembamba kama miguu ya sisimizi. Akamimina marashi ya mawaridi, maandishi yakalegea, yakawa maji ya rangi ya machungwa. Kombe hilo. Nikanywa nusu, kama nimekunywa harusi.

Nikaomba jambo moja tu: waitazame sinema yenyewe. Nikafungua kompyuta, ile ya kwanza ya 1999. Shangazi akavaa miwani. Alikaa kimya mpaka kwenye stesheni ya treni, pale masikini aliyejikunyata pembeni anapotetemeka, na ghafla akawa Ajenti Smith, mmoja wa wale askari, suti na miwani myeusi.

"Simamisha. Yule masikini kenda wapi?"

"Hakwenda kokote, shangazi. Ajenti kamwingia."

"Kamwingia."

"Eeh."

"Akatetemeka kwanza, kisha akamwingia, akasema kwa kinywa chake."

Nikamtazama mwalimu anisaidie. Alikuwa amesogea kwenye kioo, anatikisa kichwa kama fundi aliyeona kazi ya fundi mwenziwe.

Shangazi akavua miwani, akanisogezea sahani.

"Malizia hiyo nusu."