Dema la bondeni

Nilikuwa Pemba nikimsaidia mama mdogo kupalilia mpunga. Kwenye maji yaliyotuama nikavuta uzi wa majani laini, hauna hata mzizi, umejaa vifuko vidogo kuliko punje ya mtama. "Mwanangu yatupe hayo, majani ya maji tu." Nikayatia kwenye chupa.

Ni utrikularia, mmea unaokula wadudu, na kila kifuko ni dema. Husukuma maji nje mpaka kuta zikabonyea. Kidudu kikigusa vinyweleo vya mlangoni, mlango hufunguka kwa ndani na maji huingia nacho kwa nguvu, kwa muda usiofika hata sekunde moja ukiigawa mara elfu. Dema la baharini humngoja samaki aingie mwenyewe, hili humvuta.

Mimea hii husimuliwa kama kioja, na mimi hilo linanikera, maana ajabu yenyewe haisemwi: hapana kiungo kipya hapo. Kifuko kile ni jani. Drosera, mmea mwingine unaonasa wadudu kwa ulimbo, ulimbo wake ni jani. Dionea, mmea wa Marekani anayembana nzi akigusa vinyweleo mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, naye anabana kwa jani, na wahenga wake walinasa kwa ulimbo. Hata vimeng'enya vya kuyeyushia magamba ya wadudu vina asili ya zamani. Mimea ilikuwa navyo kupigana na kuvu, kwa kuwa kitini, ile dutu ngumu ya ukuta wa kuvu, ndiyo ileile ya gamba la mdudu. Silaha ya mlangoni ikahamia jikoni, na si kwa ukoo mmoja tu.

Njaa ndiyo iliyosukuma, njaa ya nitrojeni na fosforasi. Lakini jani likigeuka mtego hupoteza sehemu ya kazi yake ya kunasa jua, kwa hiyo biashara hiyo hulipa penye jua tele, maji tele na rutuba haba. Chini ya kivuli cha mikarafuu ingekuwa hasara tupu.

Shuleni kwetu tulichora dionea kutoka kitabuni, na bonde liko nyuma ya darasa. Hatukupelekwa hata siku moja. Mwalimu wa bayolojia aliye karibu na bonde, nakuomba, watoe watoto nje na chupa.

Siku ya tatu mama mdogo alikuja kuchungulia yangu. Kiluwiluwi cha mbu kilikuwa kimenaswa, nusu ndani, mkia nje unapigapiga. Alikiangalia kimya, kisha akaniuliza, "Mlango wake uko wapi?"