Moyo na daftari kwa matajiri wa dagaa Kigoma

Pale mwalo wa Kibirizi au Katonga, mitumbwi inaposhusha samaki, ubishi hauchukui muda kuwaka. Uliza tu kwa nini tajiri mmoja wa mitumbwi amenyanyuka na mwenzake amefilisika. Wako watakaokwambia ni moyo, ziwa halimpi mwoga. Wako watakaokwambia mali bila daftari huisha bila habari. Wote wana hoja, ila kila hoja ina mahali pake, na wengi wanaoongoza biashara hizi huzichanganya: wanatumia moyo panapotaka hesabu, na hesabu panapotaka moyo.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayodharauliwa zaidi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti kitu na vyombo vingi hukaa nchi kavu. Kwa hiyo mwezi mmoja una usiku kama 20 wa kazi, si 30. Ondoa na usiku wa upepo mkali wa kusini unaovuma kiangazi. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi 9 mara usiku 20 ni usiku 180. Nusu ya mwaka, na hapo upepo bado haujatolewa.

Sasa mchukue tajiri anayeipenda kazi yake kwa dhati. Giza moja, yaani kipindi cha usiku usio na mbalamwezi, limemwendea vizuri, mtumbwi umerudi umejaa siku tano mfululizo, naye anakopa injini ya pili. Marejesho ni ya kila mwezi, mara 12. Ziwa likifungwa, mwezi wa kwanza analipa kwa akiba, wa pili anauza nyavu, wa tatu anaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Ari alikuwa nayo, ziwa analijua na watu wanamheshimu. Kilichomwangusha ni kuzidisha na kugawanya ambako hakukufanyika kabla ya kusaini. Inaniuma kuona mtu hodari namna hiyo akiuza chombo chake kwa kosa la jioni moja.

Hata hivyo, watu wa hesabu nao hupitiliza. Daftari linaeleza ziwa la jana. Utafiti umeonyesha kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto, na joto hilo linazuia maji ya kilindini yenye virutubisho kupanda juu kuwalisha viumbe wadogo ambao dagaa huwala. Anayepanga mwaka ujao kwa kunakili mavuno ya miaka iliyopita, hata akiwa makini vipi, anajidanganya kwa tarakimu nzuri.

Tena kuna wavuvi wenyewe. Katika miezi ya kufungwa, hesabu kavu inasema asiyevua asile kwa tajiri. Tajiri mwingine anawapa vijana wake unga, anawaita kushona nyavu na kuziba mitumbwi, anamuuguzia nahodha mtoto. Agosti ikifika, vijana hao wako kwake, na yule wa hesabu kavu anazunguka mwaloni kutafuta nahodha. Utasema hiyo nayo ni hesabu, ya muda mrefu tu. Sikubali. Mwezi Juni hakuna karatasi inayoweza kukuhakikishia kwamba kijana atarudi. Aliyetoa unga alitoa kwa sababu anawajali.

Kukausha dagaa ni jambo la kati, linataka moyo na hesabu pamoja. Mnunuzi huchota konzi, anatafuna dagaa mmoja, na akisikia mchanga unasaga menoni, bei inashuka papo hapo. Chanja ya kuanikia, ya mbao na wavu, inagharimu, mchanga wa ufukweni ni bure. Mwanamke anayeipenda bidhaa yake hujenga chanja kwanza, kisha ndipo anatafuta mnunuzi wa kumlipa zaidi. Namuunga mkono kabisa, ila ajenge moja na auze mzigo mmoja kabla ya kujenga kumi.

Lawama za mikopo nazo si za tajiri peke yake. Mkopeshaji anayempa mvuvi ratiba ya mwenye mshahara, marejesho 12 yaliyo sawa, naye hakupiga hesabu. Kiongozi wa kikundi anaweza kwenda kwake na kalenda ya giza pamoja na tarehe za kufungwa ziwa, akaomba miezi hiyo mitatu alipe riba tu na deni lenyewe ligawanywe katika miezi 9 ya kuvua. Ningependa kila kikundi cha wavuvi Kigoma kiombe hivyo kabla ya kusaini, na kikikataliwa, injini ya pili isubiri.