Huku Husogezwa Kiti, Kwetu Husogea Mtu

"Samahani, kuna mtu hapa?"

Mtu aliyekulia Tanga akiulizwa hivyo kwenye mkahawa wa mtaani hapa Uingereza, mkono hujibu kabla ya mdomo. Anavuta kikombe upande wake, anateremsha begi chini, anajibana ili mgeni apate pa kukaa. Mwulizaji anashukuru kwa adabu zote, anakinyanyua kile kiti kitupu na kwenda nacho meza ya tatu walipo wenzake. Kumbe hakuomba kukaa nawe. Aliomba kiti.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko baridi. Na kabla hamjaanza, jamani, najua yatakayosemwa pale Barabara ya 12, Ngamiani, kwetu Tanga: "Huyo kaenda Ulaya, leo anatufundisha kukaa." Sifundishi mtu wa Ngamiani kukaa. Nasema kinyume chake: kukaa tunakujua, tena kwa ufundi ambao huku umepotea, na naogopa na sisi tunaanza kuutupa.

Nianze na haki yao. Kahawa ya maziwa huku inakaribia pauni 4, na hizo hazilipii kahawa. Unga wa kahawa ni gramu 18 hivi kwa vikombe viwili vidogo vya kahawa nzito, mashine inausukumia maji ya moto kwa sekunde 25 hadi 30, basi. Pesa iliyobaki ni ya kodi ya pango, mishahara, umeme na mahali pa kukaa. Ndiyo maana ukifika kaunta unaulizwa kama unakunywa hapo au unaondoka nayo. Wageni wengi hudhani ni ukarimu au ni habari ya kikombe cha karatasi. Kuna kodi ndani yake: keki au mkate wa baridi ukiondoka nao hauna kodi ya ongezeko la thamani, ukiula mezani unatozwa asilimia 20. Kinywaji cha moto hutozwa popote unywapo. Yaani hata sheria ya kodi inauhesabu ukaaji kuwa huduma iliyouzwa.

Basi aliyekaa ana haki, kwa kuwa kiti amekinunua. Ndiyo maana mtu mmoja na kompyuta yake hushika meza ya wanne kwa saa mbili, kikombe kimekauka zamani, na hakuna anayemgusa bega. Wenye mikahawa wanaumia, kwa sababu meza isiyopokea mtu mwingine hailipi pango, na baadhi yao sasa wanakataza kompyuta Jumamosi na Jumapili. Lakini mteja kumwambia mteja mwenzake "sogea kidogo"? Hilo halipo. Ataondoka na kikombe chake mkononi, akanywe njiani kwenye mvua.

Sasa njoo kwetu. Kijiwe cha kahawa hakiuzi mahali pa kukaa. Muuzaji ana dele lake, lile birika la kahawa, juu ya jiko la mkaa, ana vikombe vyake, ana sahani ya kashata. Kivuli ni cha mkungu, ukuta ni wa mwenye nyumba, benchi pengine aliligonga mtu aliyekwisha kufa. Hakuna aliyelipia kukaa, kwa hiyo hakuna mwenye kukaa peke yake. Unaweza kukaa hapo tangu alasiri mpaka magharibi bila kununua kitu, na utakaribishwa kama mwenye vikombe vitano.

Ila msidhani hapana sheria. Ziko nyingi, na ni kali kuliko za huku, isipokuwa hazikuandikwa ukutani.

Kwanza salamu, ndipo nafasi. Anayekuja anasalimia wote waliopo, wazee anawapa shikamoo yao, anangoja aitikiwe na aambiwe karibu. Anayekaa kabla ya salamu atapata nafasi, ila hatapata mazungumzo. Pili, upande wa ukuta ni wa wazee, kwa sababu mgongo unaegemea. Kijana hukaa benchi la nje lisilo na egemeo, na mzee akitokea, aliye kwenye ukuta huondoka bila kuambiwa. Tatu, kusogea ni kwa safu nzima. Akifika wa tano kwenye benchi la mita 2, haondoki mmoja ampishe. Wote wanne wanasogea, kila mmoja kiasi cha kiganja, na pengo linatokea. Hesabu yake ni nyepesi: mita 2 kwa wanne ni sentimita 50 kila mtu, kwa watano ni 40. Kila mmoja anatoa sentimita 10 na hapana aliyenyang'anywa kitu.

Nne ni kuinuka, na hapa ndipo mgeni hujulikana. Miguu ya benchi ikiwa imeingizwa ndani sana kutoka ncha za ubao, wa mwisho upande mmoja akinyanyuka ghafla, wa upande wa pili anateremka na ubao, na kahawa inamwagikia kanzu. Kwa hiyo wa pembeni husema "nainuka jamani", na walio katikati hukaza miguu. Fundi mwenye akili huweka miguu karibu na ncha, si zaidi ya sentimita 20 ndani, ubao wa inchi 2 kwenda juu usiopinda katikati, na kimo cha sentimita 45 ili mzee asipate tabu ya magoti. Na benchi mbili zinazotazamana ziachane kama mita moja. Zikikaribiana zaidi, jiko linaunguza miguu. Zikiachana zaidi watu watapiga kelele, na wakipiga kelele mazungumzo ya timu yetu ya mpira, Coastal Union, yanageuka ugomvi.

Hata kahawa yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya kukaa pamoja. Buni hukaangwa kavu mpaka ziwe nyeusi zenye kung'aa, hutwangwa, huchemshwa na tangawizi, kisha moto hupunguzwa ili machicha yatulie chini ya dele. Moto ukizidi, machicha yanapanda na kahawa inakuwa tope chungu. Muuzaji humimina polepole, akiinamisha dele bila kulitikisa, na hajazi kikombe mpaka ukingoni, maana hakina mkono na kitaunguza vidole. Kikombe kidogo hivyo hupoa haraka na huisha haraka. Hakuna anayeweza kujificha nyuma yake saa nzima. Inabidi uongee, au uongezewe. Kikombe cha huku ni kama kopo la uji. Mtu anaweza kuishi ndani yake mpaka jioni.

Halafu malipo. Huku unalipa kwanza, kila mtu chake, hata marafiki wawili kila mmoja na kadi yake. Kwetu unakunywa, unahesabu mwenyewe, unataja idadi wakati wa kuondoka, na mara nyingi unasema "na kimoja cha mzee". Muuzaji anasadiki. Nani huku atasadiki?

Atatokea wa kusema ni desturi ya Mzungu kukaa peke yake, tumwache nayo. Si kweli. Nyumba ya kwanza ya kahawa ya London ilifunguliwa na Pasqua Rosée mwaka 1652, kwenye uchochoro wa St Michael's Alley. Katika nyumba zile mtu alilipa peni moja, akakaa palipo na nafasi kwenye meza ndefu pamoja na asiowajua, na magazeti yakasomwa kwa sauti. Wala hapakuwa na kimya: Desemba 1675 mfalme Charles wa Pili alitoa tangazo la kuzifunga kwa sababu watu walikaa humo wakizisema siasa zake, akalifuta kabla siku ya kufunga haijafika, maana watu walikuja juu. Soko la bima la Lloyd's lilianzia kwenye nyumba ya kahawa ya Edward Lloyd, walikokusanyika mabaharia na wenye meli. Nasi tuna neno letu: baraza. Ni kile kikalio cha nje ya nyumba, na kwa neno hilohilo tunaita Baraza la Mawaziri. Waingereza walikuwa na meza ndefu, wakaibadilisha kwa meza ndogo na viti vya kubebeka. Benchi halibebwi na mtu mmoja, na hapo ndipo siri yake ilipo.

Ndiyo sababu nakereka nikiona picha za vijiwe vipya vya nyumbani, kule mjini na Raskazoni: viti vya plastiki, kila mtu na kiti chake, kila mtu na simu yake. Kiti cha plastiki ni rahisi, nakubali, hupangwa kimoja juu ya kingine usiku na hakiibiwi kirahisi kikifungwa mnyororo. Lakini mgeni akija havisogei, vinaongezwa. Duara linakuwa kubwa, walio upande wa pili hawasikiki, linagawanyika mara mbili, na baada ya miezi vijiwe ni viwili visivyosalimiana. Nawaomba mafundi seremala wa Makorora msiache kugonga benchi.

"Basi rudi ukae kwenye hilo benchi," mtaniambia. Sawa. Lakini nikirudi nitakuja na mambo mawili ya huku, na sitaona haya.

La kwanza ni vikombe. Ndoo moja ya maji tangu alfajiri, vikombe kumi na viwili vinachovywa humo na kupewa midomo mia, hilo si utamaduni, ni uchafu, na kipindupindu kikiingia mjini kijiwe ndicho hufungwa kwanza. Dawa yake haihitaji mfadhili. Muuzaji aongeze vikombe viwe 30 ili asilazimike kusuuza kwa haraka, aoshe kwa sabuni kwenye beseni, asuuze kwa maji yanayotiririka kutoka ndoo yenye bomba, maji ya beseni ayamwage kila yakibadilika rangi. Huku mkahawa ukikutwa na uchafu wa kuhatarisha afya unaweza kufungwa siku hiyohiyo, na wanafanya vizuri.

La pili litaniletea maneno zaidi. Ukipita Ngamiani saa kumi na moja jioni, hesabu wanawake kwenye benchi za kahawa. Kahawa ile mara nyingi imekaangwa na kutwangwa uani na mama au dada, kashata zimekatwa na wao, lakini kukaa hawakai. Huku mwanamke anaingia peke yake, anavua koti, anakunywa, anasoma, anaondoka, na hapana anayeuliza ni mke wa nani. Yule mwenye kiti chake cha kununua, niliyemlalamikia tangu juu, kiti hichohicho ndicho kilichomlinda huyu dada. Hilo nalikubali mbele yenu wote, na linaniuma kulisema.

Wako watakaosema dini, watakaosema heshima. Heshima ipi, wagosi? Bibi zetu walikaa barazani kwao, wakasuka ukili, wakanywa kahawa na jirani, mlango wazi, na wapita njia wakawasalimia. Hapana aliyewavunjia heshima. Kwa hiyo sidai mchanganye msivyotaka kuchanganya. Lipigwe benchi la tatu, upande wa ukuta, chini ya mkungu uleule, dele lilelile likizunguka. Mama mmoja akishatoa salamu na akakaribishwa, wa pili atakuja, na wa tatu atakapofika hao wawili watajua la kufanya bila kufundishwa na mtu.